Shingo Upande

Wamekuja tena leo, wawili, na kinasa sauti,
wakavua viatu mlangoni vimejaa theluji,
wakauliza lile lile: Bibi Gunnvor,
sura iliyo kwenye krona tano ni ya nani?
Yaani kazi ya nani, wakajirekebisha.
Mwenye sura wanamjua, yu mbele yao,
anawamiminia kahawa kwa mkono unaotetemeka.

Nilikuwa mpiga deki wa kiwanda cha sarafu, Kongsberg,
mwaka ule mgodi wa fedha ulipoanza kutapika maji.
Walitaka mwanamke wa nchi, asiye malkia,
wa kufunga kitambaa na kutazama mbali.
Nililipwa saa moja ya ziada.
Nikakubali shingo upande,
na ndivyo walivyonikalisha: shingo upande,
jicho kwenye bomba la jiko.

Siku kumi na moja Åshild Tveiten alinifinyanga.
Vidole vyake vilikuwa baridi, vinanuka plasta.
Alinipima taya kwa bikari,
akagusa kovu la sikio, akauliza, nikamwambia:
ng'ombe wa baba, nilipokuwa na miaka sita.
Kovu lile lipo. Chukua kioo cha kukuzia, tazama
chini ya upindo wa kitambaa, kama alama ya ukucha.
Halvor Skrede hakuniuliza kitu.
Alisimama mlangoni na kiko chake,
akasema, "Mwanga mzuri," akaenda zake.
Kesho yake akaja tena. Mwanga mzuri.

Sarafu ikatoka. Shaba na nikeli,
fedha isiyo na fedha hata chembe,
na chini ya shingo herufi mbili, H.S.,
ndogo kuliko mayai ya chawa.
Åshild akaandika barua. Akajibiwa kwamba msaidizi ni msaidizi,
kwamba plasta si chuma,
kwamba achongaye muhuri ndiye mwenye mkono.
Akaandika ya pili. Ya tatu haikujibiwa.
Akahamia Bergen, akafundisha watoto kufinyanga vikombe,
akafa ameniacha sandukuni mara saba,
nimefungwa kwa magazeti.

Mpwa wake ndiye mwenye sanduku sasa.
Mjukuu wa Skrede ana duka lenye jina la babu,
na kila mmoja anataka niseme.
Haya, andikeni, nikawaambia. Kovu ni la Åshild.
Taya ni la Åshild. Na ule mkunjo mdomoni
wa mtu aliyechoka lakini hajaomba kiti,
huo nao ni wa Åshild.
Wakafurahi. Mmoja akaanza kufunga mkoba.

Ngojeni. Bado shingo.

Mimi nilikuwa na tezi, kama mama, kama dada zangu wote.
Shingo yangu ilikuwa nene, ya fahali;
fungueni magazeti, plasta zote saba zitawaambia,
Åshild hakujua kumpendezesha mtu.
Iliyo kwenye krona ni ndefu, nyembamba,
imeinama mbele kidogo,
ya mtu aliyezoea kuinamia kazi.
Naijua shingo ile.
Bomba la jiko linachosha macho, nami nilikuwa naiba,
nikiitazama kutoka kitini siku zote kumi na moja.
Mwenzangu aliitazama kutoka mlangoni,
kiko kimezimika mkononi.

Hiyo hakupewa na mtu. Aliichonga mwenyewe,
kwenye chuma, kinyume, kama muhuri unavyotaka,
na akatia jina lake papo hapo chini yake.
Mwizi? Ndiyo, mwizi. Sijafuta neno.

Kalamu ilikuwa imesimama.
"Je, yeye Åshild alijua?"
Sijui, mwanangu. Macho yake ya karibu yalikuwa mabovu,
na sarafu hazikukaa mfukoni mwake hata siku mbili.

Jana nililipia hamira dukani.
Msichana akanitupa kwenye droo, kifudifudi,
akanirudishia chenji bila kuinua uso.

Kahawa ikapoa. Yule mdogo akatoa krona tano,
akaikaribisha puani, akaitazama sana,
kisha akanitazama mimi,
kisha, sijui kwa nini, akaigeuza
upande wa namba.